Je, wajua kwa nini milango ya Zanzibar ina misumari ya shaba? (Ndovu hawahusiki. Au tuseme, hawahusiki hivyo)

Simama asubuhi kwenye kichochoro chochote cha Mji Mkongwe, Unguja. Haitapita nusu saa kabla hujamsikia mtembeza wageni akigonga mlango wa nakshi kwa kidole na kusema: "Misumari hii iliwekwa ili ndovu wasiuvunje mlango." Wageni huguna kwa mshangao, simu hutolewa, picha hupigwa. Nayajua haya kwa sababu nami niliisema hadithi hiyo kwa miaka, tena kwa kujiamini, mpaka siku niliyowazungusha watoto wa shule ya msingi na mmoja wao akaniuliza: "Mwalimu, hao ndovu walikuja na boti gani?"

Nikawaambia twende mlango wa pili.

Unguja haina ndovu wa porini. Ndovu ni muogeleaji hodari, hilo tumpe, lakini baina ya kisiwa na bara kuna makumi ya kilomita za bahari yenye mikondo. Wanaoitetea hadithi hii humtaja Marco Polo, msafiri wa Venice wa karne ya 13, na kweli kitabu chake kinasema Zanzibar ina ndovu tele na watu wake hupigana vita wakiwa juu ya ndovu na ngamia. Kitabu hicho hicho kinasema mzunguko wa kisiwa ni maili 2,000. Marco Polo hakufika huku, aliandika aliyosimuliwa. Mwaka 1879 ndovu wanne waliofunzwa kazi waliletwa kutoka Bombay kwa ajili ya msafara wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wakashushwa Msasani, Dar es Salaam. Hao walikuwa wa kubeba mizigo, na milango yenye misumari ilikuwapo tayari. Kwa hiyo tembo pekee aliyewahi kuisukuma milango ya Mji Mkongwe usiku wa manane ni yule wa mnazi, akiwa tumboni mwa mtu.

Hata hivyo hadithi yenyewe si ya uongo. Imekosea anwani tu. Nenda Pune, India, kwenye ngome ya Shaniwar Wada iliyojengwa miaka ya 1730. Lango lake kuu lina misumari ya chuma yenye urefu wa kama futi moja, 72 kwenye kila ubawa, na imepangwa usawa wa paji la uso la ndovu wa vita. Ndovu alikuwa ndiye nyundo ya kuvunjia malango. Alikuwa hapigi teke, alikuwa akisukuma kwa paji.

Na msumari unamzuiaje mnyama wa tani kadhaa? Umewahi kubeba ndoo ya maji ambayo kishikio chake cha plastiki kimetoka, ukabaki waya mtupu? Maji ni yale yale, lakini hatua ishirini tu vidole vinalia. Viringisha kitambaa kwenye waya na nafuu inakuja hapo hapo. Uzito haukupungua hata kidogo, umetandazwa tu juu ya nyama nyingi zaidi. Sasa mrudie ndovu. Akiegemea ubao mtupu, nguvu yake inatandaa kwenye paji zima, na hicho ndicho kitambaa chake. Weka misumari, umemvua kitambaa na kumwachia waya. Kadiri anavyosukuma ndivyo anavyojichoma, na nguvu zake mwenyewe ndizo zinazomrudisha nyuma. Lango halihitaji kumshinda ndovu, linahitaji tu kumfanya asitake kuendelea.

Ili ujanja huo ufanye kazi, msumari uwe mrefu, uwe mgumu, na uwe pale paji linapogusa. Turudi sasa Mji Mkongwe, kwenye mlango mmoja wa mtaa wa Shangani. Safu ya kwanza ya misumari iko karibu na goti langu. Kila mmoja una kitako cha mviringo mfano wa kikombe cha kahawa kilichofunikwa, na ncha fupi katikati. Mingi ukiiegemea kwa kiganja inakuachia alama nyekundu na basi. Halafu ni ya shaba, madini laini kuliko chuma. Na kichochoro chenyewe ni chembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo akipita mnabanana ukutani. Ndovu angepata wapi nafasi ya kujipanga?

Mtindo ulikuja na watu. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walikuwa wamejaa Unguja, mbao za msaji zilitoka India, na mafundi walizijua nakshi za huko. Msumari ukavuka bahari, kazi yake ikabaki ng'ambo. Tazama vifungo vilivyopangwa kwenye mkono wa koti la suti. Nani huvifungua? Vipo kwa sababu koti bila vifungo hivyo linaonekana halijakamilika. Na shaba iliyosuguliwa ikang'aa ilimwambia mpita njia hali ya mwenye nyumba kabla hajapiga hodi.

Nisizidishe, lakini. Kwenye baadhi ya milango, shina la msumari linapenya ubao na kushika mapapi ya nyuma, kwa hiyo si pambo tupu. Na kuondoa kosa moja kusitupe leseni ya kubuni jingine: huo mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, tunaoambiwa ni alama ya nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa, wengine huueleza kuwa ni kinga ya nyumba, na fundi anayechonga mlango wa hoteli leo huuweka vile vile. Mimi sasa nauonyesha bila kuutafsiri. Kilicho rahisi kukisoma ni kizingiti cha juu: kilichonyooka kwa kawaida ni mtindo wa zamani zaidi, wa Kiarabu, na chenye tao ni mtindo wa Kihindi ulioshamiri baadaye katika karne hiyo hiyo ya 19.

Yule mtoto nina jibu lake sasa. Ndovu walifika Unguja, tena kwa maelfu, na boti walipanda. Walikuja pembe tupu, zimebebwa mabegani kutoka Tabora, Ujiji na Manyema, zikavushwa kwa majahazi hadi forodhani, na fedha zake ndizo zilizolipa mafundi wengi wa milango hii. Nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, ipo Shangani hadi leo, na mlango wake una nakshi.