Wakili ana kazi gani kwenye chuo cha kijiji?

Wananchi wakijianzishia chuo cha ufundi, wakili huitwa mwishoni, ugomvi ukishawaka. Mimi najitolea kwa sharti la kuitwa kabla ya tofali la kwanza. Nikifika, swali langu la kwanza si fedha. Ni ardhi.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza Tanzania mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, leo ni 54 na vina serikali nyuma yake. Chuo cha kujianzishia kina kamati, daftari la michango, na mzee mmoja mkarimu aliyesema, "Chukueni shamba langu." Hapo ndipo ninapoanza kuogopa. Mzee akifariki, warithi watakuta karakana imesimama juu ya shamba la baba yao, na hakuna karatasi hata moja.

Ikiwa ardhi inatolewa na kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 8, inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo naomba muhtasari, nausoma neno kwa neno. Je, ardhi ilikuwa ajenda inayojitegemea, au ilipenyezwa kwenye "mengineyo"? Mipaka imetajwa, na majirani je? Orodha ya mahudhurio ina sahihi na dole gumba? Mara nyingi nakuta sentensi moja tu: "Wajumbe waliafiki chuo kijengwe." Kijengwe wapi, kwenye eka ngapi, na anayepewa ni nani? Mkutano urudiwe. Wenyekiti hununa, nami nimeshazoea.

Hilo la anayepewa lina jibu lake. Kamati haiwezi kumiliki ardhi kwa jina lake, na mwenyekiti asimiliki kwa niaba yake. Njia ninayoipenda ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya sheria ya wadhamini (Sura ya 318). Bodi hiyo inakuwa mtu kisheria: inamiliki, inashtaki, inashtakiwa, na mdhamini akifa mali haimfuati nyumbani kwake. Usajili wa chuo chenyewe NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ni hatua nyingine, na una fomu zake.

Jambo linalodharauliwa sana ni walimu wa "kujitolea". Mtu anafika kila siku, anapangiwa ratiba, mwisho wa mwezi anapewa posho isiyobadilika. Kumwita mjitoleaji hakutoshi: kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinaruhusu achukuliwe kuwa mwajiriwa hadi ithibitike vinginevyo. Afadhali mkataba mfupi wa ajira kuliko kukutana CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi.

Na mimi mwenyewe? Siingii kwenye bodi ninayoiandikia katiba. Wengi huniona najivuna, maana kwetu anayesaidia hupewa kiti. Lakini siwezi kuishauri bodi juu ya mkataba leo, kisha kesho niupigie kura. Tangu mwanzo naandika barua inayosema nitafanya nini bure na nini sitafanya. Kesi za mahakamani zimo kwenye yale nisiyofanya. Hati zikibishaniwa, huenda nikaitwa kuwa shahidi kwa kuwa ndiye niliyeziandaa, kwa hiyo chuo kitafute wakili mwingine wa kukisimamia.