Paka shume akitoroka: yasemwayo na ukweli wake

Simsim alizaliwa chini ya meza ya muuza nyama, sokoni hapa Bombo, Uganda. Alipoingia kwetu alikuwa na miezi mitano, shume kamili asiyejua mkono wa mtu. Ilichukua karibu mwaka mzima hadi akubali kulala mapajani mwangu. Siku mafundi walipokuja kubadilisha mabati, alichomoka mlangoni akatoweka kwa siku 9. Majirani walinishauri mengi kwa nia njema, na mengi yangenipotezea paka kabisa.

“Amerudia ushume wake, yuko mbali, mwache.”

Hili ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu nusura niliamini. Paka aliyetoroka kwa hofu mara nyingi hajifichi mbali. Huwa nyumba chache tu kutoka alipotokea, mtaroni, darini, au nyuma ya rundo la mbao. Na aliyekulia ushumeni alijifunza tangu utotoni kwamba kunyamaza ndiko kupona. Utamwita kwa jina lake, atakusikia vizuri, na hatatoa hata mlio. Ukimya wake usiuchukue kuwa amekusahau.

Simsim alikuwa kwenye mtaro uliofunikwa, kama hatua 40 kutoka mlangoni. Nilikuwa nimepita hapo mchana mara nyingi nikimwita. Nilimpata usiku wa manane, kwa tochi niliyoishika usawa wa macho yangu: macho ya paka yana utando wa nyuma unaorudisha mwanga, hivyo yaling’aa mara moja. Lakini kabla ya kuzunguka na tochi kwenye nyua za watu, mwarifu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na majirani. Anayechutama gizani kando ya ua wa mwenzake hudhaniwa mwizi, na mkosi huo si wa kuomba.

“Ukimwona, mrukie umkamate.”

Hapana, tafadhali. Paka aliyejaa hofu anaweza asimtambue hata anayemlisha. Akibanwa atauma, na kichaa cha mbwa hupatikana pia kwa paka. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Zaidi ya hayo, ukimfukuza utamfundisha kwamba maficho yale si salama. Atahama, nawe utapoteza jambo pekee ulilokuwa nalo, kujua alipo. Chutama ubavu ubavu, usimkazie macho, weka chakula, ondoka.

“Mtegee maziwa.”

Paka wakubwa wengi hayawakai tumboni, huwaharisha. Kwetu kuna mukene, dagaa wa Ziwa Victoria. Wapashe moto kidogo juu ya sigiri na harufu itamfikia popote alipojikunyata. Peleka mahali palepale, saa ileile. Mimi nilichagua magharibi, kabla majirani hawajafungulia mbwa wao.

“Njaa itamrudisha yenyewe, paka ana roho ya paka.”

Shume anajua kuishi kwa panya, mijusi na jalala, kwa hiyo njaa haimsukumi kurudi. Anayeshindwa kula siku kadhaa naye, hasa mnene, anaweza kuharibika ini. Kuna pia sumu ya panya: panya aliyekula sumu anaweza kumuua paka aliyemla. Waombe majirani waiondoe kwa siku hizo.

“Mtego ni ukatili.”

Sanduku la waya lenye mlango unaojifunga ndilo lililomrudisha Simsim, na fundi wa kuchomelea analiunda. Kwa siku chache lisha karibu nalo, kisha ndani, mlango ukiwa umezuiwa kwa kamba ubaki wazi. Akishazoea, ndipo utege, ukimwekea chakula kidogo aje na njaa. Usiuache mtego peke yake. Akinaswa, ufunike kwa kitenge papo hapo, giza humtuliza, wala usiufungue mpaka uwe ndani na milango na madirisha yote yamefungwa.

“Akishaingia ndani, yamekwisha.”

Mpe chumba kimoja kidogo, kimya, chenye maji, chakula, beseni la mchanga na pa kujificha. Usimvute atoke. Simsim alikaa chini ya kitanda siku 4, akila tu tulipokwisha kulala. Nilikuwa naketi sakafuni jioni, nikisoma kwa sauti ya chini, bila kumtazama. Siku ya tano alinisugua goti kwa shavu, akarudi zake chini ya kitanda.