Pivoti Inapohesabu Badala ya Kujumlisha

Mtu akinilalamikia kwamba pivoti yake, lile jedwali la Excel linalofupisha data ndefu, "inakataa kujumlisha", siigusi pivoti. Narudi kwenye lahakazi aliyoanzia, yaani karatasi ya Excel yenye data yenyewe, kwenye safuwima ya mauzo, nitazame tarakimu zimelala upande gani wa seli. Kama hakuna aliyechezea mpangilio, namba halisi hukaa kulia. Iliyokaa kushoto ni maandishi yaliyovaa sura ya namba, na Excel ikikuta hata moja ya namna hiyo, huhesabu seli badala ya kujumlisha. Ndiyo maana mwezi uliotarajia 48,500 unakuletea 37.

Wengi hapo hubadilisha hesabu iwe jumla, wakadhani wamepona. Kumbe yale maandishi yanachukuliwa kama sifuri: jumla inatoka pungufu, na hakuna onyo lolote. Geuza maandishi yawe namba kwanza.

Ugonjwa huohuo una ndugu zake. "Mashariki" ikitokea mara mbili kwenye pivoti, moja ina nafasi tupu mwishoni. Tarehe zikigoma kujikusanya kwa miezi, baadhi ni maandishi. Na kama umeipa kila mwezi safuwima yake, pivoti itakusumbua tu. Weka safuwima moja ya tarehe na moja ya kiasi.

Kupanga kwenyewe ni kuburuta: nini kiwe safumlalo, nini safuwima, nini kijumlishwe, nini kichuje. Hakuna la kuogopa. Ila ukirekebisha data, onyesha pivoti upya (Refresh), kwa sababu inasoma nakala yake iliyojiwekea, haisomi lahakazi moja kwa moja.

Ninachokipenda kuliko vyote: bofya mara mbili namba inayokutia shaka. Lahakazi mpya inafunguka ikiwa na rekodi zote zilizoizaa. Mimi siwasilishi jumla yoyote kabla ya kubofya mbili tatu hivi.

Chati huja baadaye. Mwenendo wa muda nauchorea mstari, ulinganisho nguzo zilizopangwa kuanzia kubwa. William Playfair alichapisha chati za mistari na nguzo mwaka 1786, ya duara ikafuata 1801; laiti angeishia pale pa kwanza. Vipande saba vya duara, nani atajua kipi kimezidi kipi?

Nguzo nazo zianzie sifuri. Mhimili ukianzia 45, nguzo ya 50 itaonekana ndefu mara 5 ya ile ya 46.