Uzito wa Lori, Mteremko na Breki: Ufafanuzi kwa Madereva, Wenye Malori na Abiria

Kila msimu wa mavuno, malori ya mahindi yanapoanza kumiminika kutoka Kitale na Eldoret kuja Nakuru, malalamiko kuhusu ukaguzi wa uzito huongezeka. Tunayapokea kwa nia njema, kwa sababu tunafahamu kwamba mwenye lori ana mkopo wa kulipa na kwamba mzigo ukilala njiani ni hasara. Hata hivyo, hoja nyingi zinazoletwa kwetu zinapingana na kanuni ambayo Isaac Newton aliichapisha mwaka 1687, kwamba nguvu inayohitajika kubadilisha mwendo wa kitu ni sawa na tungamo la kitu hicho, yaani kiasi cha mata kilichomo ndani yake, likizidishwa kwa mchapuko wake, yaani kiwango cha kubadilika kwa mwendo wake. Kupunguza mwendo nako ni mchapuko, ila unaelekea nyuma, na hapo ndipo breki zinapohusika.

Tuchukue lori la tani 28 kwenye mteremko unaoshuka mita 6 kwa kila mita 100. Mteremko huo hulivuta lori kwa nguvu ya takriban niutoni 16,500 (niutoni ni kipimo cha nguvu), na breki pamoja na injini zinapaswa kuimeza nguvu hiyo yote ili mwendo usiongezeke, kabla hata dereva hajafikiria kusimama. Ongeza tani 6 za magunia na mvuto huo unafika niutoni 20,000. Sasa tuseme breki zimepata moto na zinaweza kutoa niutoni 40,000 pekee. Lori la tani 28 lililokuwa likienda kilomita 80 kwa saa litasimama baada ya mita 294 hivi, ilhali lile la tani 34 litahitaji mita 420. Breki ni zilezile, dereva ni yuleyule, na barabara haijabadilika.

Tunaambiwa mara kwa mara kwamba mzigo mzito hulifanya lori lishike barabara vizuri zaidi. Ni kweli kwamba msuguano kati ya tairi na lami huongezeka kadiri uzito unavyoongezeka, lakini nguvu ya breki ina kikomo kilichowekwa na aliyeziunda, na kikomo hicho hakipandi kwa sababu mwenye mali ameongeza magunia. Hoja hii imejibiwa katika kila mkutano na madereva, na haifai kuendelea kurudiwa na watu wenye leseni za magari makubwa.

Tatizo la kuteremka bila gia ni zito zaidi. Dereva anayetoa gia ili kuokoa dizeli kwenye miteremko kama ile ya kati ya Mau Summit na Salgaa hujinyima msaada wa injini, na katika mteremko tuliotaja mwendo wake unaweza kuongezeka kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa ndani ya nusu dakika. Wengine hujitetea kwamba lori lao lilikuwa tupu. Mteremko huvuta lori tupu na lori lililojaa kwa mchapuko unaokaribiana sana, kwa kuwa mvuto hukua sambamba na tungamo. Kinachotofautiana ni nguvu itakayohitajika kulizuia. Akishakanyaga breki mfululizo, nishati ya mwendo hugeuka joto, ngoma za breki hutanuka na kujitenga na laini zake (vipande vinavyoisugua ngoma ili gurudumu lisimame), na dereva huhisi pedali ikizidi kwenda chini bila lori kuitikia. Harufu ya kuungua hupenya hadi ndani ya kabini, na moshi mweupe huonekana kwenye magurudumu ya nyuma. Baadaye husemwa kwamba breki zilikataa.

Hatukusudii kutoa hukumu juu ya ajali yoyote mahususi. Inatosha kukumbuka kwamba tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara wakifanya biashara au wakisubiri magari.

Abiria nao wanahusika. Mama anayempakata mtoto wa kilo 10 kwenye matatu huamini kwamba mikono yake itatosha. Gari likienda kilomita 50 kwa saa na kusimama ghafla ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto huyo atahitaji kuzuiwa kwa nguvu inayolingana na kuinua gunia moja na nusu la mahindi, gunia la kilo 90. Hakuna mikono inayoweza hilo. Kutofunga mkanda hutozwa faini ya Sh500.

Kuhusu utaratibu, lori linalopita kwenye mizani ya Gilgil hupimwa kwa kila kundi la ekseli (vyuma vinavyounganisha magurudumu ya pande mbili) na kwa uzito wake wote. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013, uzito wa juu kabisa ni tani 56, na kiwango hicho ni cha magari yenye ekseli 7, wala si kila trela. Ekseli ikizidi ndani ya asilimia 5, dereva hutakiwa kupanga mzigo upya au kuupunguza, kisha gari hurudi kwenye mizani kabla ya kuendelea na safari. Uzito ukizidi hapo, ada hutozwa, na mzigo wa ziada hushushwa kwa gharama ya mwenye gari. Kukwepa mizani ni kosa linalojitegemea.

Kwa mwendo wa kasi, kanuni za mwaka 2016 zinaeleza hivi: anayezidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa hupewa onyo, 6 hadi 10 hulipa Sh500, 11 hadi 15 hulipa Sh3,000, 16 hadi 20 hulipa Sh10,000. Magari ya mizigo mizito hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata pale ambapo magari madogo yanaruhusiwa, na kidhibiti mwendo kilichochezewa hakitakubalika wakati wa ukaguzi wa kila mwaka.

Dereva anapaswa kuchagua gia ya chini akiwa bado juu ya kilima, kabla lori halijaanza kushuka, kwa sababu likishashika kasi gia hiyo huenda isiingie tena.