Mwiko wa Wests Tigers: yanayosemwa kuhusu makocha wake, na yaliyotokea

Kwenye ligi ya raga ya Australia, NRL, timu inayoshika mkia husemwa imepewa mwiko. Ndiyo, mwiko huohuo wa kusongea ugali. Wests Tigers ya Sydney iliupata mwaka 2022, ikaupata tena 2023, ikaurudia 2024. Kila mara mashabiki walikuwa na mtu wa kumlaumu: kocha, au aliyemleta kocha.

Kwa waliozoea raga ya Shujaa wa Kenya, huu ni mchezo mwingine. Kila upande una wachezaji 13, na timu ikishaangushwa mara sita na mpira inaukabidhi kwa wapinzani. Tuendelee.

"Makocha wetu wote walikuwa wabovu"

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo lenye ushahidi mwingi wa kulipinga. Michael Maguire alifika 2019 akiwa tayari ameipa South Sydney ubingwa wa 2014, klabu iliyokuwa haijashika kombe tangu 1971. Tigers ikamtimua Juni 2022, mkataba wake haujaisha. Mwaka 2024 akaiongoza New South Wales kushinda State of Origin, mechi za kila mwaka dhidi ya jimbo la Queensland, na 2025 akatwaa ubingwa wa NRL na Brisbane Broncos kwa kuifunga Melbourne Storm 26–22. Shabiki wa Tigers aliyeitazama fainali ile, sijui alikuwa anapiga makofi au anameza machungu.

Ivan Cleary naye, baada ya Tigers, alibeba ubingwa mara nne mfululizo na Penrith, 2021 hadi 2024. Hata Andrew Webster, msaidizi aliyeshikilia timu kwa muda mfupi mwaka 2017, alichaguliwa kocha bora wa ligi 2023 akiwa na Warriors.

Lakini tusimsafishe Maguire kupita kiasi. Pale Tigers, msimu wake mzuri kuliko yote uliishia nafasi ya 9, na hakufika mtoano hata mara moja. Pia alikikuta kikosi kilichokwisha kuvuja: mwaka 2017 James Tedesco, Mitchell Moses na Aaron Woods wote waliondoka. Tedesco alikwenda Roosters na kuchukua ubingwa 2018 na 2019.

"Klabu huwafukuza wote"

Siyo wote. Jason Taylor ndiyo, alifukuzwa Machi 2017 baada ya mechi tatu tu za msimu. Cleary aliondoka mwenyewe. Alipoingia Aprili 2017 aliwataka wachezaji wachague: wapande basi au wabaki kituoni. Mkataba wake ulikuwa hadi 2020, lakini mwishoni mwa 2018 akarudi Penrith alikokuwa akicheza mwanawe Nathan, klabu ileile iliyokuwa imemfuta kazi 2015. Dereva akashuka, abiria wakabaki wameketi. Utani wa basi haujaisha hadi leo.

"Mashabiki hawana subira"

Wenye kusema hivi wameisahau 2005. Fainali dhidi ya North Queensland Cowboys, Benji Marshall, kijana wa miaka 20, anachomoka na mpira kutoka nusu ya kwao, mabeki wanamkimbilia, anaurusha kwa mkono mmoja nyuma ya mgongo, Pat Richards anaudaka na kufunga trai. Ikaisha 30–16, na hadi leo ndio ubingwa pekee wa Wests Tigers tangu Balmain na Western Suburbs ziungane.

Baada ya pale, 2006 hadi 2009, hakuna mtoano. Miaka minne! Kocha Tim Sheens alibaki, akaifikisha timu mtoano 2010 na 2011, na akaondoka baada ya msimu wa 2012. Klabu yenye mashabiki wa hasira za haraka isingeweza kukaa na kocha mmoja miaka kumi.

"Mwana wa nyumbani atatuokoa"

Hapa hisia ziliwashinda wengi, nami siwalaumu. Mwaka 2022, baada ya kumwondoa Maguire, klabu ilimfuata Cameron Ciraldo, msaidizi wa Cleary kule Penrith. Akakataa, akaenda kuinoa Canterbury Bulldogs, nao 2024 wakaingia mtoano. Tigers ikatangaza kwamba Sheens, mwenye miaka 72 wakati msimu wa 2023 unaanza, atarudi kwa miaka miwili, kisha ampishe Marshall. Jambo hilo lilitangazwa kama la kurudi kwenye asili. Mimi naliona lilikuwa chaguo la pili lililovalishwa kanzu ya sikukuu.

Mei 2023 wakawachapa Cowboys 66–18 pale Leichhardt Oval, uwanja wao wa nyumbani. Wiki sita baadaye Cowboys haohao wakalipa: 74–0. Sheens hakumaliza miaka yake miwili. Marshall akapewa timu mwaka mmoja kabla ya wakati, akiwa hajawahi kuwa kocha mkuu wa klabu yoyote ya NRL. Mwaka 2024 alishinda mechi 6 kati ya 24. Mwaka 2025, mchezaji Jarome Luai akiwa ameongezwa kutoka Penrith, akashinda 9 na kumaliza wa 13. Amepanda, na anastahili kuambiwa hivyo.

"Tatizo ni bodi tu, iondoke"

Desemba 2023 mwenyekiti na mtendaji mkuu waliondoka baada ya tathmini ya klabu. Msimu uliofuata mwiko ulirudi.

Mwenye kutaka kuielewa klabu hii amtazame Luke Brooks. Aliingia 2013, akacheza zaidi ya mechi 200, akapita mikononi mwa makocha Potter, Taylor, Cleary, Maguire na Sheens, na hakucheza mtoano hata mmoja. Akahamia Manly. Msimu wake wa kwanza huko, 2024, Manly ikaingia mtoano.