Jeni zinazozuia saratani kusambaa ni zipi?

Pale hospitali ya KCMC, Moshi, ndugu wa mgonjwa wa saratani hakawii kuuliza: "Daktari, imesambaa?" Ana haki ya kuogopa. Uvimbe ulio ndani ya titi unaweza kukatwa. Ukishafika kwenye ini, mapafu au mifupa, kazi inakuwa nzito mno, na vifo vingi vya saratani hutokana na kusambaa huko.

Lakini kusambaa si rahisi. Seli ya saratani lazima ijinasue kwa wenzake, ipenye ukuta wa mshipa, isafiri kwenye damu au limfu (majimaji yanayopita kwenye mishipa yake mwilini) bila kuuawa na kinga ya mwili, itoke, kisha ianze kuzaliana ugenini. Nyingi hufia njiani. Miilini mwetu zipo jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, zinazoikwamisha seli hiyo katika hatua mojawapo, na ndizo tunazozizungumzia. Tusizichanganye na jeni kama TP53, ambayo hupambana na uvimbe tangu unapoanza. Hizi zinaweza kuuacha uvimbe ukue palepale ulipo, ila zinaunyima safari.

Ya kwanza kujulikana ni NM23. Mwaka 1988 mtafiti Patricia Steeg na wenzake, huko Marekani, walilinganisha seli za saratani ya ngozi za panya, wakakuta jeni hiyo inafanya kazi zaidi kwenye seli zisizosambaa sana. Miaka ya 1990 zikafuata KAI1, iliyogunduliwa kwenye saratani ya tezi dume, na KISS1. Hii KISS1 ndiyo inayonishangaza kuliko zote: katika majaribio ya panya, seli zenye jeni hiyo zilifika mpaka mapafuni, zikabaki zimelala kama mbegu iliyoanguka shambani ikagoma kuota.

Jambo ninalotaka watu wa kwetu walijue ni hili: mara nyingi jeni hizi hazijaharibika. Zipo ndani ya seli ya saratani, nzima, ila zimezimwa. Kilichozimwa huenda kikawashwa, na ndiyo maana watafiti wanahangaika nazo. Wodini bado tunategemea upasuaji, mionzi na dawa za saratani, kwa hiyo mama, ukiuziwa chupa ya "kuamsha jeni" pale stendi, usitoe hela yako. Anayekuuzia hana dawa hiyo.