Ngano inayomfungia ubwiri unga nje

Nikiulizwa uhariri wa jeni, yaani kubadilisha kwa makusudi sehemu ndogo ya DNA ya mmea, una faida gani kwa kilimo endelevu, sianzi na mavuno makubwa. Naanza na jani la ngano lililoshambuliwa na ubwiri unga, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Lina unga mweupe unaofutika kwa kidole, na chini yake kijani kimeshaanza kufifia. Unga huo ni vijimbegu vya kuvu, husafiri na upepo hadi shamba la jirani. Mkulima hupulizia dawa, na hali ya hewa ikimpendelea kuvu hulazimika kurudia. Kila mpulizo hula mafuta ya trekta na huacha mabaki kwenye udongo na maji. Tena kuvu waliosalimika ndio wanaozaana, na baada ya miaka kadhaa dawa ile haifui dafu.

Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya mimea, na kinachonivutia ni kwamba kuvu huyu hawezi kupenya vizuri kwenye seli bila msaada wa mmea wenyewe. Anaitegemea protini inayotokana na jeni iitwayo MLO. Jeni hiyo ikizimwa, anabisha mlango usiofunguliwa. Maumbile yenyewe yalitangulia kulifanya hili: shayiri za kienyeji za Ethiopia zilikutwa na MLO isiyofanya kazi, na mbegu zilizopata sifa hiyo zimelimwa Ulaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kinga yao ikidumu kwa miongo. Katika fani yetu hilo ni jambo adimu, maana kinga nyingi huvunjwa na kuvu baada ya misimu michache.

Ngano ilibaki nyuma kwa sababu ya maumbile yake. Ngano ya mkate imebeba jenomu tatu, yaani seti tatu kamili za jeni, jumla ya kromosomu 42, kwa hiyo MLO iko katika nakala tatu. Ukizima moja, mbili zilizobaki zinatosha kumkaribisha kuvu. Kusubiri mabadiliko ya bahati yaziguse zote tatu ni kusubiri bila kikomo. Mwaka 2014 watafiti wa China walizizima zote kwa TALEN, vimeng'enya vinavyokata DNA mahali palipochaguliwa. Siku hizi wengi wetu tunatumia CRISPR: kipande cha RNA huongoza protini ya Cas9 hadi mahali palipokusudiwa, protini inakata DNA, kisha seli inapojiunga hupoteza au kuongeza herufi chache za DNA na jeni inanyamaza. Katika vizazi vinavyofuata tunachagua miche ambayo haikurithi zana zile, ikabaki na badiliko tu.

Lakini ngano zile za mwaka 2014 zilikuwa na kasoro: kinga ilikuwepo, ila majani yalizeeka kabla ya wakati. Ndiyo maana sikubali mtu anaponiambia kwamba kuhariri ni kukata tu na kwenda shambani. Jeni moja huwa na kazi zaidi ya moja. Mwaka 2022 watafiti hao walieleza mmea mmoja wa aina yake, uliopoteza kipande cha herufi zipatazo 304,000 kwenye eneo la nakala mojawapo ya MLO. Kupotea kwa kipande hicho kuliamsha jeni jirani, TMT3, na ngano ikakua kawaida bila kupoteza kinga yake. Kwangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za kisa hiki, kwa sababu ilipatikana kwa kuikagua mimea mmoja mmoja.

MLO iliyozimwa haizuii kutu ya ngano, ugonjwa mwingine wa kuvu, na katika shayiri imeonekana kuongeza udhaifu kwa baadhi ya kuvu wanaoua seli kwanza ndipo wazile. Kwa hiyo kubadilisha mazao shambani na kuchanganya mbegu zenye kinga tofauti bado ni lazima. Nikiletewa ripoti ya mbegu iliyohaririwa, kitu cha kwanza ninachotafuta ni vitalu visivyopuliziwa dawa yoyote, vilivyopandwa kando ya vile vilivyopuliziwa, katika maeneo tofauti na kwa misimu kadhaa.